Shajara ya mradi: kukarabati jukwaa la taarifa za wanyama wahamao

Wiki ya 1: tarehe na saa

Malalamiko yote yaliyoletwa ni ya ramani: mbayuwayu katikati ya bahari, nyumbu wanaovuka mto mwezi mzima kabla ya wakati wao, korongo wanaowasili kila mwaka siku ya Jumamosi. Hata hivyo kazi imeanzia kwenye jedwali la taarifa, kwa sababu ramani huchora ilichopewa.

Jedwali la zamani lina safu moja ya wakati, na kwa kawaida seva ndiyo huijaza taarifa inapopokelewa, kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia ambayo kanda nyingine huhesabiwa kutoka kwake. Hapo yamejificha makosa mawili. Mtu akikaa porini siku tatu bila mtandao kisha atume kila kitu siku ya kurudi, wanyama wake wote huhesabiwa kuwa wa siku hiyo. La pili halionekani kirahisi. Mahali penye saa za UTC+3, chochote kilichoonwa baada ya saa sita usiku na kabla ya saa tisa huandikwa tarehe ya jana. Kwa ndege wa mchana si neno, lakini kasa hupanda ufukweni kutaga usiku, na popo husafiri usiku. Penye UTC+10 mpaka huo unasogea hadi saa nne asubuhi, kwa hiyo matembezi ya alfajiri yote, ambayo ndiyo saa za waangalia ndege, yanaangukia jana. Penye UTC-8 mambo yanageuka: kuanzia saa kumi jioni tayari ni kesho.

Tumeweka safu mbili. Ya kwanza ni wakati wa kuona, kwa saa ya mahali pamoja na tofauti yake na UTC (2024-03-04T06:20+03:00). Ya pili ni wakati wa kupokelewa, ambayo ni ya mafundi tu na haitokei popote kwenye ramani. Tumeongeza na safu ya uhakika: dakika, siku, au mwezi. Anayekumbuka tu kwamba ilikuwa mwishoni mwa Machi aandike hivyo hivyo, asilazimishwe kubuni siku.

Fomu ya Kiswahili ilikuwa na tatizo lake peke yake. Kisanduku cha saa kilikuwa cha kuandika kwa mkono. Mtu anaandika 2:30, akimaanisha saa mbili na nusu asubuhi. Programu inasoma 02:30, yaani saa nane na nusu usiku. Ndiyo maana takwimu zilionyesha mbayuwayu wakiwinda wadudu gizani. Kuongeza saa sita kwa kila taarifa hakufai, maana wengine huandika kama simu inavyoonyesha, na huwezi kuwatofautisha kwa kuangalia tarakimu. Sasa mtu huchagua kwanza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa, na chini yake inatokea: "Saa mbili na nusu asubuhi, 08:30". Kwa taarifa za usiku tumeongeza mstari mmoja, "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano", kwa kuwa "usiku wa Jumatano" peke yake kwa huyu ni usiku uliotangulia na kwa yule ni unaofuata.

Taarifa za nyuma zenye picha zimelinganishwa na saa iliyomo ndani ya faili ya picha. Tofauti ikiwa saa sita kamili, au pungufu kidogo, ni saa ya Kiswahili. Zisizo na picha zimebaki na tarehe tu, saa imefutwa kwenye nakala ya matumizi. Nakala ya asili haiguswi: kila marekebisho yanaingia kwenye jedwali la pembeni likiwa na sababu na jina la kanuni iliyoyafanya, ili kanuni ikigundulika mbovu irudishwe nyuma kwa amri moja.

Wiki ya 2: majedwali yaliyopakiwa kwa wingi

Vikundi vingine huleta taarifa za msimu mzima kwenye faili moja ya jedwali. Humo ndimo nyumbu waliowahi walimotoka.

Tarehe 03/04 ni 3 Aprili kwa mmoja na 4 Machi kwa mwingine. Kwa mwaka mzima kuna tarehe 132 za aina hii, yaani 12 mara 12, ukiondoa zile 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja. Programu ya jedwali iliyopangwa kusoma mwezi kwanza hugeuza kimyakimya kila tarehe ambayo siku yake haizidi 12, na zile za 13 hadi 31 inashindwa kuzisoma, inaziacha kama maandishi. Matokeo yake ni faili iliyogeuzwa nusu.

Dalili huonekana kwa macho. Fungua faili na utazame safu ya tarehe: tarehe halisi hujipanga kulia mwa kisanduku, maandishi hujipanga kushoto. Safu ikiwa imechanganyika, zilizoko kulia ndizo zilizogeuzwa, na siku zake zote hazivuki 12. Kipakiaji kipya hufanya uchunguzi huo huo: kikikuta mchanganyiko kinasimama, kinaonyesha mistari mitano ya mfano na kumwuliza mwenye faili. Kinachosumbua ni faili fupi ambayo tarehe zake zote ni za siku 12 za kwanza za mwezi. Hiyo haina dalili yoyote, na hatukisii.

Wiki ya 3 na 4: mahali

Kwanza tuliondoa taarifa zilizorundikana kwenye latitudo 0 na longitudo 0, ndani ya Ghuba ya Guinea. Hapo hakuna aliyekwenda. Simu iliponyimwa ruhusa ya kujua mahali, programu iliweka sifuri badala ya kuacha wazi. Kosa ni la mstari mmoja wa msimbo, lakini lilizalisha bandari nzima ya wanyama wa nchi kavu.

Makosa yaliyosalia ni ya familia chache. Namba mbili zimebadilishana nafasi. Alama ya kutoa imedondoka, na mnyama wa kusini mwa ikweta akahamia kaskazini. Au dakika zimeandikwa kama desimali: nyuzi 3 na dakika 45 ni 3.75, lakini watu huandika 3.45, na nyuzi 0.30 za latitudo ni kama kilomita 33. Hili la mwisho lina alama ya kidole chake. Mtu mwenye taarifa nyingi ambazo tarakimu mbili baada ya nukta hazifiki 60 hata mara moja, karibu hakika anaandika dakika.

Kwa kila nukta inayogombana na jina la mahali alilolitaja mtu, programu hujaribu kubadilisha nafasi, kurudisha alama ya kutoa kwenye latitudo, kuirudisha kwenye longitudo, na kugawa dakika kwa 60. Ikiwa jaribio moja tu ndilo linaloangukia mahali palipotajwa, mwenye taarifa hutumiwa swali lenye ramani mbili ndogo. Hakuna nukta inayohamishwa kabla hajajibu.

Pini ya kubandika kwa kidole imetugharimu siku nyingi kuliko tulivyokadiria. Ramani ikiwa kwenye kiwango cha ukuzaji (zoom) cha 5, pikseli moja karibu na ikweta ni kama kilomita 4.9 ardhini. Ncha ya kidole hufunika pikseli 40 hivi, kwa hiyo mtu "anayegusa ziwa" anagusa eneo la kilomita 200 kwenda upande mwingine, na jedwali linahifadhi jibu lake kwa tarakimu 14 baada ya nukta kana kwamba alipima kwa futi kamba. Sasa pini haikubali kubandikwa chini ya kiwango cha 13, ambapo pikseli ni mita 19. Na kila nukta ina nusukipenyo cha mashaka kwa mita, safu ambayo kwenye Darwin Core, utaratibu wa kimataifa wa kuandika data za viumbe, inaitwa coordinateUncertaintyInMeters. Tarakimu za ziada zimekatwa: nne zinatosha, ni mita 11 hivi.

GPS ya simu nayo ina hila yake. Jibu la kwanza inalotoa mara nyingi limekisiwa kwa minara ya simu, na linaweza kupishana na ukweli kwa kilomita kadhaa. Fomu sasa inangoja hadi simu yenyewe idai mashaka yasiyozidi mita 50, au sekunde 30 zipite, kisha inapokea ilichopata pamoja na ukubwa wa mashaka.

Wiki ya 5: kitufe cha "Sikuona"

Hapa ndipo palipokuwa na mvutano, na kwa maoni ya timu ndilo badiliko lenye uzito kuliko yote.

Jukwaa lililokusanya tu "nimeona" haliwezi kutofautisha mahali pasipo na mnyama na mahali pasipo na mtu. Korongo wa Jumamosi walizaliwa hapo: watu hutoka mwishoni mwa wiki. Tuseme Jumatano kuna matembezi 4 na mbayuwayu wameonwa kwenye 1. Jumamosi matembezi 40, wameonwa kwenye 10. Ramani ya kuhesabu nukta inaonyesha ongezeko la mara kumi. Kwa kweli ni asilimia 25 siku zote mbili, hakuna kilichobadilika angani.

Kwa hiyo kipimo cha msingi sasa ni orodha ya matembezi, si mnyama mmoja mmoja. Orodha ina saa ya kuanza, dakika, umbali uliotembewa (sifuri kama ulisimama mahali pamoja), idadi ya watu, na swali moja: "Je, umeandika spishi zote ulizozitambua?" Jibu likiwa ndiyo, kila spishi isiyoandikwa ni "haikuonwa", na mtu hana haja ya kubonyeza lolote. Kitufe chenyewe cha "Sikuona" kimewekwa kwa wale wanaofuatilia mnyama mmoja tu, mathalani anayekwenda kila asubuhi kwenye kivuko kile kile kungoja nyumbu. Chini ya dakika 5 orodha haihesabiki.

Grafu zinatumia vipindi vya siku 7. Kulikuwa na pendekezo la siku 5 ili mstari uonyeshe mabadiliko mapema, tukalikataa: kipindi cha siku 5 kinaweza kuwa na siku mbili za mwisho wa wiki, moja, au kukosa kabisa, na mstari ukaanza kucheza kwa sababu ya kalenda.

"Wa kwanza msimu huu" imebaki, kwa kuwa watu wanaipenda na kuiondoa kungewakimbiza. Imeondolewa tu kwenye hesabu. Tarehe ya wa kwanza hutegemea mno wingi wa macho. Ongeza waangalizi na wa kwanza atawahi, hata kama kundi zima limekuja siku zile zile. Badala yake tunapima siku ambayo asilimia ya orodha zenye spishi hiyo imefika nusu ya kilele chake cha msimu.

Wiki ya 6: idadi, mwelekeo

Kisanduku cha idadi kilikuja kimejazwa 1. Asiyekigusa alitangaza mnyama mmoja. Sasa ni kitupu, na kinapokea namba, masafa (mfano 200 hadi 300), au alama ya "wapo, sikuhesabu". Kando yake kuna chaguo la namna ya kuhesabu: mmoja mmoja, au kwa mafungu. Maelezo mafupi yanafundisha mafungu: hesabu 10, kariri ukubwa wa kundi hilo kwa jicho, lipanue hadi 100, kisha pima msafara kwa kipande hicho.

Mwelekeo ulikuwa na neno "kaskazini" bila kusema ni kutoka au kwenda. Upepo huitwa kwa unakotoka, ndege huelezwa kwa anakokwenda, na fomu moja iliuliza yote mawili kwa maneno yale yale. Sasa ni mishale minane juu ya swali "Walikuwa wakielekea wapi?", pamoja na "wametulia, wanakula" na "wanazungukazunguka".

Wiki ya 7 na 8: bila mtandao, na picha

Taarifa pacha zimepata chanzo chake. Simu inatuma, seva inapokea na kuhifadhi, jibu linapotea njiani, simu inadhani imeshindwa na kutuma tena. Dawa: kila taarifa inapewa kitambulisho cha biti 128 (namba ndefu isiyojirudia) na simu yenyewe, pale inapohifadhiwa, si pale inapotumwa. Seva ikiona kitambulisho ilichonacho inajibu "ninayo" na kunyamaza. Majaribio hurudiwa baada ya sekunde 5, 10, 20, 40, hadi ukomo wa dakika 10, pamoja na sekunde chache za bahati nasibu, vinginevyo mtandao ukirudi baada ya kukatika, simu zote zingebisha hodi kwa pamoja.

Hali "imetumwa" imefutwa kwenye kioo. Zimebaki "ipo kwenye simu" na "imepokelewa", kwa kuwa ya kati ilimfanya mtu afute picha zake mapema.

Tahadhari kwa anayetumia jukwaa kupitia kivinjari: kivinjari cha Apple kiitwacho Safari hufuta data ambazo tovuti imehifadhi kwenye simu ikiwa mtu amekitumia kivinjari siku 7 bila kuifungua tovuti hiyo. Tovuti iliyobandikwa kwenye skrini ya mwanzo haiguswi na kanuni hiyo. Kwa hiyo tunaonyesha maelekezo ya kuibandika kabla ya safari ndefu, na onyo jekundu taarifa ikifikisha siku 4 bila kupokelewa.

Picha hupunguzwa hadi pikseli 1600 upande mrefu, ubora 80, kabla ya kutumwa, na maandishi hutangulia peke yake. Toleo la kwanza lilifanya hivyo na kupoteza saa na mahali pa picha zote. Sababu: kivinjari kinapoichora picha upya ili kuipunguza, maelezo ya EXIF (saa, mahali na mengine ambayo kamera huyaandika ndani ya faili) hayafuati. Mpangilio sahihi ni kusoma EXIF, kuiweka kando, kupunguza, kisha kutuma vyote viwili. Picha zilizopitia programu za ujumbe mara nyingi hufika zimeshavuliwa maelezo hayo, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa udanganyifu. Na saa ya kamera isiaminiwe kuliko mtu: safu ya zamani ya EXIF haina ukanda wa saa, na kamera nyingi hubaki na saa za mahali zilikonunuliwa.

Wiki ya 9: wanyama wanaowindwa

Taarifa ya ndovu au kiota cha kasa yenye mita kamili ni ramani ya jangili. Kwa spishi zilizoorodheshwa, umma huona kisanduku cha nyuzi 0.1, yaani kilomita 11 hivi, na taarifa hutokea baada ya kuchelewa kunakowekwa kwa kila spishi.

Kuficha kulivuja mahali pengi kuliko tulivyotarajia. Jaribio la kwanza lilisogeza nukta kwa bahati nasibu kila ukurasa ulipofunguliwa. Ukifungua mara mia na kutafuta wastani, unarudi kwenye nukta ya kweli. Ndiyo maana tumechagua gridi isiyobadilika. EXIF ilibaki ndani ya picha asili iliyoweza kupakuliwa. Sehemu ya maelezo ilisema "chini ya mbuyu mkubwa, mita mia toka darajani". Lililotushtua zaidi: ndovu amefichwa vizuri, lakini korongo wa orodha ile ile, dakika ile ile, amechorwa kwa mita. Sasa spishi moja nyeti huifunika orodha nzima.

Wiki ya 10: majina na ukaguzi

Mtu akiandika "korongo" haijulikani ni yupi. Ciconia ciconia wengi wao huzaliana Ulaya. Ciconia abdimii huzaliana kusini mwa Sahara na kushuka kusini baada ya hapo. Safari mbili tofauti chini ya jina moja. Kisanduku cha kutafuta sasa kinaleta spishi zote zinazobeba jina hilo, kwa michoro na alama mbili za kutofautisha, na chaguo la "korongo, sijui yupi", ambalo ni jibu la heshima.

Mfano wa kipepeo umeingia kwenye mwongozo wa wakaguzi. Danaus chrysippus huhama. Jike la Hypolimnas misippus humwiga rangi kwa rangi. Tazama bawa la nyuma: wa kwanza ana madoa meusi matatu au manne karibu na katikati, mwigaji ana moja tu kwenye ukingo wa mbele. Picha ya mabawa yaliyokunjwa nusu haisaidii, kwa hiyo fomu inaomba bawa la nyuma lionekane.

Kanuni za kompyuta hazifuti kitu. Zinainua bendera pale spishi, eneo na wiki visipokutana, au idadi ikizidi kiwango, na mkaguzi anaamua. Tulikuwa na kanuni iliyokataa moja kwa moja waliowahi msimu. Imeondolewa: iliwatupa hasa wale ambao mtu anayefuatilia mabadiliko ya hali ya hewa anawatafuta. Ujumbe wa mkaguzi nao umeandikwa upya. Ule wa zamani ulisema "Taarifa yako si sahihi." Wa sasa: "Spishi hii ni nadra hapo kwa wiki hii. Je, unayo picha nyingine, au unakumbuka umbo la mkia?"

Wiki ya 11: ramani

Mambo mawili tu. Mstari unaovuka nyuzi 180 ulizunguka dunia nzima kinyumenyume. Ndege kama Limosa lapponica, anayeruka kutoka Alaska hadi New Zealand, alichorwa akipita juu ya Afrika. Mstari sasa unakatwa vipande viwili pale longitudo inaporuka zaidi ya nyuzi 180. Pili, grafu za mwaka zilianza 1 Januari kwa wote. Mbayuwayu aina ya Hirundo rustica huwa kusini mwa Afrika takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili, kwa hiyo msimu wake ulikatwa katikati na kuonekana kama misimu miwili mifupi. Kwa wageni wa aina hiyo mwaka unaanza 1 Julai.

Wiki ya 12: kupeleka data nje, na yaliyobaki

Faili ya Darwin Core kwa ajili ya GBIF, hifadhi ya kimataifa ya data za viumbe, imepita ukaguzi wa muundo. GBIF hupokea leseni tatu tu, CC0 (bila masharti), CC BY (kwa kumtaja mwenye data) na CC BY-NC (kwa kumtaja, na si kwa biashara), kwa hiyo fomu ya kujiunga sasa inauliza leseni ya taarifa na leseni ya picha kila moja peke yake. Waliojiunga zamani wanaandikiwa. Asiyejibu, taarifa zake hazitoki.

Zile faili fupi za wiki ya 2 bado zipo. Wamiliki waliopatikana wamejibu, waliosalia anwani zao hazipokei tena. Taarifa hizo zimewekewa uhakika wa tarehe wa "mwaka" kama thamani mpya ya nne: zinaonekana kwenye ramani ya maeneo, haziingii kwenye grafu yoyote ya msimu, na kila moja ina kiungo kwenye mstari wa faili yake ya asili, ikitokea mwenyewe akarudi.